Pini na bushi za ekskaveta

Pini na bushi za ekskaveta ni vipuri vya chuma vinavyounganisha sehemu za mkono wa mashine ya kuchimba na kuuwezesha mkono huo kukunjika na kukunjuka. Pini ni mhimili wa chuma kigumu wenye umbo la mcheduara. Bushi ni mrija mfupi wenye ukuta mnene, uliobanwa ndani ya tundu la mkono, na pini hupita katikati yake. Kati ya pini na bushi huwekwa grisi ili vyuma hivyo viwili visisagane.

Vipuri hivi vimekusudiwa kulika. Mkono wa ekskaveta ni ghali na huchukua muda mrefu kutengenezwa, lakini pini na bushi zinaweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Zikibadilishwa kwa wakati, mkono hubaki mzima kwa miaka mingi. Zikiachwa, ulaji huhamia kwenye tundu la mkono wenyewe, na kazi ya siku moja au mbili hugeuka kuwa matengenezo makubwa ya karakana.

## Muundo na kazi

Mkono wa ekskaveta una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni mkono mkuu, ambao mafundi wengi huuita bumu. Huanzia kwenye mwili wa mashine, mbele karibu na chumba cha dereva. Ya pili ni mkono wa mbele, unaoitwa pia stiki. Ya tatu ni ndoo ya kuchimbia. Sehemu hizo husukumwa na silinda za haidroliki, yaani mitungi inayosukumwa kwa mafuta yenye shinikizo kubwa.

Kila mahali sehemu mbili zinapokutana pana kiungo chenye pini. Ekskaveta ya kawaida ina viungo vya namna hiyo karibu kumi: shina la mkono mkuu, ncha za silinda zote, mkutano wa mkono mkuu na mkono wa mbele, vyuma vya kugeuzia ndoo, na masikio ya ndoo yenyewe.

Ukubwa wa pini hutegemea ukubwa wa mashine. Ekskaveta ndogo ya tani 1.5 hadi 2 huwa na pini za ndoo zenye kipenyo cha takriban mm 30. Mashine ya tani 20, ambayo ndiyo ya kawaida katika ujenzi wa barabara na kwenye machimbo ya mawe, huwa na pini za ndoo za takriban mm 80, na pini ya shina la mkono mkuu huwa nene zaidi.

Nguvu inayopita katika pini hizo ni kubwa. Katika mashine ya tani 20, shinikizo la mafuta hufikia takriban MPa 35, yaani zaidi ya mara 100 ya shinikizo la upepo katika tairi la gari dogo. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha mm 120 ikipata shinikizo hilo husukuma kwa nguvu ya takriban kN 396, ambayo ni sawa na uzito wa tani 40. Nguvu yote hiyo hupitia kwenye pini iliyoshika ncha ya silinda.

Kwa sababu hiyo pini hutengenezwa kwa chuma cha pua ambacho uso wake umekaushwa kwa moto hadi kuwa mgumu sana, huku kiini chake kikiachwa laini kidogo ili kisikatike ghafla. Bushi huweza kuwa ya chuma cha pua kilichokaushwa au ya shaba nyeusi. Nyingine hutengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa; hizi huwa na vinyweleo vilivyonyonya mafuta. Ndani ya bushi nyingi huchongwa mifereji ya kusambaza grisi. Kwenye kingo zake kuna sili za mpira zinazozuia vumbi na maji kuingia.

## Historia fupi

Mashine ya kuchimba kwa nguvu ya mvuke ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1839, kwa jina la mbunifu wake William Otis. Kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, mashine nyingi za aina hiyo ziliendeshwa kwa minyororo na kamba za chuma. Katika miaka ya 1950 zilianza kuenea ekskaveta za haidroliki. Kampuni ya Demag ya Ujerumani ilitoa modeli yake ya B 504 mwaka 1954. Tangu hapo kazi ya kuvuta na kuinua ilihama kutoka kwenye kamba kwenda kwenye silinda, na viungo vya pini vikawa ndiyo njia ya nguvu yote ya mashine.

## Sababu za kulika

Sababu kuu ni ukosefu wa grisi. Pini ya ekskaveta haizunguki mfululizo kama ekseli ya gari. Hugeuka kidogo, hurudi, kisha hugeuka tena chini ya mzigo mzito. Mwendo huo wa polepole hauwezi kujenga utando imara wa mafuta, kwa hiyo grisi nzito inapaswa kuwapo daima. Grisi inapokauka au kusukumwa nje, chuma hugusana na chuma.

Sababu ya pili ni uchafu. Mchanga wenye chembe ngumu ukiingia ndani ya kiungo hufanya kazi ya msasa. Ndiyo maana mashine zinazochimba mchanga mtoni, au zinazotumbukiza ndoo katika matope, hula pini za ndoo haraka kuliko mashine zinazochimba udongo mkavu. Sili iliyochanika huharakisha jambo hilo.

Sababu ya tatu ni matumizi mabaya. Kuzungusha ndoo ili kufagia kifusi kwa ubavu, kugonga mawe kwa ndoo, au kuning'iniza nyundo ya kuvunjia miamba ambayo ni nzito kuliko uwezo wa mashine, hupeleka mzigo wa pembeni kwenye viungo vilivyoundwa kubeba mzigo wa juu na chini.

## Dalili na upimaji

Dalili ya kwanza huonekana kwa dereva: ndoo hutikisika inaposimama, na kusawazisha ardhi huwa kugumu. Husikika mlio wa kugonga mkono unapobadili mwelekeo. Grisi inayotoka pembeni huwa na rangi ya kutu au chembe zinazong'aa.

Nafasi ndogo kwenye shina la mkono huwa kubwa kwenye ncha. Tuseme bushi mbili za shina ziko mm 500 kutoka moja hadi nyingine, na kila moja ina nafasi ya mm 1 kuzunguka pini. Mkono unaweza kulala mshazari mm 1 kwa kila mm 500 upande wa kulia, na kiasi hichohicho upande wa kushoto. Kwa ncha iliyo umbali wa m 5, hiyo ni mm 10 kila upande, jumla mm 20. Huo ni mchango wa kiungo kimoja tu. Ulegevu wa viungo vingine huongezeka juu yake.

Ili kupima, ndoo hushushwa hadi iguse ardhi, kisha dereva huinua na kushusha mkono kidogo sana huku mtu mwingine akiangalia viungo akiwa nje ya eneo ambalo mkono unaweza kufika. Kiungo kinachoruka kabla ya sehemu ya pili kuanza kusogea ndicho kilicholegea. Vipimo kamili hufanywa injini ikiwa imezimwa na pini ikiwa imetolewa: kipenyo cha pini hupimwa kwa maikromita mahali palipolika na mahali ambapo hapajaguswa, na tundu la bushi hupimwa katika pande mbili zinazokingamana ili kujua kama limekuwa la umbo la yai. Kiungo kipya huwa na nafasi ya sehemu chache za kumi za milimita. Kikomo cha kila kiungo hutolewa katika kitabu cha mtengenezaji.

## Kazi inayoweza kufanywa na mwenye mashine

Viungo havilingani kwa ugumu wa kazi. Pini za ndoo na za vyuma vya kuigeuza ndizo rahisi, kwa kuwa ndoo huweza kulazwa chini na kutolewa bila kufungua mipira ya mafuta. Mwenye mashine mwenye zana na msaidizi mmoja huweza kuzibadilisha katika eneo la kazi.

Kiungo cha mkono mkuu na mkono wa mbele ni kigumu zaidi, kwa sababu sehemu zote mbili ni nzito na lazima zishikiliwe kila moja peke yake. Shina la mkono mkuu ndilo gumu kuliko yote. Katika mashine ya tani 20, mkono mkuu pekee una uzito wa zaidi ya tani moja. Kuutoa huhitaji kreni au mashine ya pili yenye uwezo wa kuuinua, kufungua silinda zake na kuziba ncha za mipira ili vumbi lisiingie katika mfumo wa mafuta. Kazi hiyo hufaa kufanywa na fundi wa mitambo mikubwa.

## Hatari na tahadhari

Katika kazi hii majeraha hutokana zaidi na mambo manne.

* Mkono kuanguka. Pini ndiyo inayoshikilia uzito. Kabla ya kuitoa, kila sehemu itakayobaki bila pini huwekewa magogo mazito ya mbao au vigingi vya chuma, au hufungwa kwa mnyororo wa kreni. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya saruji hupasuka ghafla.
* Shinikizo lililobaki. Injini kuzimwa hakumaanishi kuwa shinikizo limeisha. Ndoo hulazwa ardhini, injini huzimwa, ufunguo huwashwa bila kuwasha injini, kisha vishikio vya kuendeshea husogezwa pande zote mara kadhaa. Hewa ya tangi la mafuta pia hutolewa. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa mkono: mafuta yanayotoka kwenye kitundu kidogo huweza kupenya ngozi, na jeraha hilo huhitaji upasuaji wa haraka hata likionekana dogo kama kuchomwa na sindano.
* Vipande vya chuma. Nyundo ngumu ikipiga pini iliyokaushwa, vipande vidogo huweza kuruka kwa kasi ya kutoboa jicho. Miwani ya kinga ni lazima kwa kila aliye karibu, na kati ya nyundo na pini huwekwa kipande cha shaba au chuma laini.
* Vidole. Wakati wa kulinganisha matundu, mtu hushawishika kuingiza kidole ili kuhisi kama yamekutana. Mkono ukisogea kidogo tu, kidole hukatwa. Matundu huangaliwa kwa tochi na kulinganishwa kwa kipande cha chuma kilichochongoka.

Ufunguo hutolewa na kuwekwa na mtu anayefanya kazi chini ya mkono. Nchini Tanzania, wajibu wa mwajiri kuwalinda wafanyakazi katika kazi kama hizi umewekwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2007. Kibarua anayeitwa kupiga nyundo kwa nusu saa anastahili kinga ileile anayopewa fundi.

## Hatua za kubadilisha

1. Mashine huegeshwa mahali tambarare na pagumu, na kiungo huoshwa ili uchafu usiingie ndani.
2. Ndoo hulazwa, sehemu zote huegemezwa, na shinikizo hutolewa kama ilivyoelezwa.
3. Bolti inayozuia pini isizunguke hufunguliwa. Mahali pa washa za kujazia nafasi pembeni huandikwa au hupigwa picha.
4. Pini husukumwa nje. Ikiwa uzito haujaisawazisha, itabana. Dawa yake ni kuinua au kushusha sehemu kidogo hadi pini ilegee, kisha kupiga. Pini iliyoshika kutu hutolewa kwa jeki ya haidroliki inayoivuta polepole. Moto wa gesi huharibu ukaushaji wa chuma na sili, na grisi iliyofungiwa ndani ikipata joto huweza kulipuka.
5. Sili za zamani hutolewa, kisha bushi huvutwa kwa jeki na fimbo yenye skurubu. Bushi iliyokwama kabisa huchanwa kwa urefu kwa uangalifu, bila kugusa ukuta wa tundu.
6. Tundu husafishwa, hupigwa msasa mwepesi na kupimwa. Njia ya grisi huzibuliwa.
7. Bushi mpya huingizwa ikiwa baridi. Kitundu chake cha grisi hulinganishwa na njia ya grisi ya mkono.
8. Sili mpya huwekwa. Kwa kawaida mdomo wake huelekea nje ili grisi ya zamani iweze kutoka na mchanga usiingie.
9. Pini hupakwa grisi na kuingizwa, washa hurudishwa kadiri ya nafasi inayotakiwa, na bolti hukazwa.
10. Grisi husukumwa hadi ionekane ikitoka pande zote mbili. Mkono huchezeshwa polepole bila mzigo, kisha grisi huongezwa tena na bolti hukaguliwa.

### Kwa nini bushi hupozwa

Bushi hubaki mahali pake kwa sababu kipenyo chake cha nje ni kikubwa kidogo kuliko tundu. Kuigonga kwa nyundo ikiwa na joto la kawaida huweza kuipasua au kuiingiza upande. Njia bora ni kuipunguza kwa baridi.

Chuma husinyaa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayopungua. Bushi yenye kipenyo cha nje cha mm 80 ikitolewa kwenye nyuzi 25 na kuwekwa katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, joto hupungua kwa nyuzi 43. Kipenyo hupungua kwa 80 × 0.000012 × 43, yaani takriban mm 0.04. Katika barafu kavu, ambayo ni kabonidioksidi iliyoganda kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, upungufu hufikia karibu mm 0.1. Kiasi hicho aghalabu hutosha bushi kuteleza ndani au kusukumwa kwa nguvu ndogo. Ikishapata joto la kawaida hutanuka na kubana yenyewe.

Barafu kavu huunguza ngozi, na gesi yake huweza kumkosesha mtu hewa katika chumba kilichofungwa. Hutumiwa kwa glavu nene na mahali penye hewa ya kutosha.

## Tundu lililoharibika

Bushi ikilika hadi kuisha, au ikianza kuzunguka ndani ya tundu lake, mkono wenyewe huanza kulika. Bushi mpya ikiwekwa katika tundu la namna hiyo hulegea baada ya muda mfupi.

Tiba yake ni kujaza tundu kwa kulehemu na kulichonga upya kwa mashine ya kubebeka, ambayo fimbo yake hupita katika matundu yote mawili kwa pamoja ili mhimili wao ubaki mmoja. Wakati wa kulehemu kwa umeme, betri hufunguliwa na waya wa kurudisha umeme hufungwa karibu kabisa na mahali panapochomelewa, ili umeme usipite kwenye viungo vingine au kwenye kompyuta ya mashine.

Zipo njia za mkato zinazotumika sana: kuviringisha bati juu ya bushi ili ijaze tundu, kuichomelea bushi kwenye mkono, au kuichomelea pini kwenye masikio ya ndoo. Njia hizo hurudisha mashine kazini siku hiyohiyo, ndiyo sababu zinapendwa na mwenye mashine ambaye mteja wake anamsubiri. Lakini bati husagika na kutoka, kuchomelea hupinda bushi na kuziba njia ya grisi, na fundi atakayefuata hulazimika kukata kwa gesi. Hivyo muda uliookolewa hulipwa mara mbili.

## Katika Afrika Mashariki

Ekskaveta nyingi zinazofanya kazi katika Afrika Mashariki ziliingizwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Mnunuzi wa mashine ya namna hiyo hufaidika akikagua viungo vyote kabla ya kulipa, kwani rangi mpya huficha mengi na ulegevu wa pini hauwezi kufichwa mkono unapochezeshwa.

Pini na bushi za modeli zinazojulikana hupatikana katika maduka ya vipuri ya miji mikubwa. Pale zisipopatikana, hukerezwa katika karakana ndogo, kama zile za Gerezani jijini Dar es Salaam au Katwe jijini Kampala. Bushi iliyokerezwa vizuri huweza kufaa, mradi mambo matatu yazingatiwe: aina ya chuma, ukaushaji wa uso wake, na mifereji ya grisi. Pini iliyokerezwa kutoka nondo laini isiyokaushwa huonekana sawa na ile ya kiwandani siku ya kwanza, lakini hulika au kupinda upesi.

## Utunzaji

Grisi inayofaa ni ile ya daraja la 2 iliyokusudiwa mizigo mizito. Kwa viungo vyenye shida zaidi hutumika grisi yenye molibdeni. Viungo vya ndoo hutiwa grisi kila siku ya kazi, na vikiwa vimeingia majini hutiwa baada ya kazi kwisha ili maji yasukumwe nje kabla ya usiku. Katika mashine zenye bushi za vinyweleo, muda wa baadhi ya viungo huweza kufika saa 500. Mashine mpya, au kiungo kilichowekwa bushi mpya, huhitaji grisi mara nyingi zaidi mwanzoni.

Kitundu cha grisi kisichopokea grisi hakipaswi kurukwa. Mara nyingi huwa kimeziba kwa grisi iliyokauka, na kiungo chake kinaendelea kusagika kikavu wakati vingine vikihudumiwa. Kukibadilisha hugharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na pini, bushi na tundu vinavyolindwa nacho.

## Tazama pia

* Ekskaveta
* Haidroliki
* Msuguano
* Tingatinga